Kupima neva ya midiani: joto la mkono, tepu na umeme unaotosha

Kabla ya kugusa swichi yoyote, shika mkono wa mgonjwa. Ukiwa wa baridi, usianze. Amekuja na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayomwamsha usiku akaukung'ute mkono, na unatakiwa useme kama neva ya midiani, inayohudumia vidole hivyo, imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Mashine huipiga neva kwa umeme kidogo, hunasa wimbi la jibu lake, na kupima limechelewa kiasi gani na kimo chake. Itakupa namba hata mkono ukiwa wa barafu. Itakuwa namba safi, yenye desimali mbili, na ya uongo.

Bandika kipimajoto cha ngozi kwenye kiganja. Kisome nyuzi 32 za Selsiasi au zaidi. Mguuni, 30 na kuendelea. Kila nyuzi moja inayoshuka hupunguza kasi ya neva kwa takriban mita 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde, na huchelewesha wimbi kwa karibu milisekunde 0.2. Maana yake mkono wenye nyuzi 27 unaweza kuongeza milisekunde nzima, na neva isiyo na kasoro ikaandikiwa ugonjwa. Sababu ni milango ya sodiamu, vitundu vinavyopitisha sodiamu kwenye neva: katika baridi hukaa wazi muda mrefu zaidi, hivyo ishara husafiri polepole lakini huwa kubwa na pana. Kwa hiyo ukiona wimbi limechelewa na kimo chake kimepanda juu kuliko ulivyotarajia, shuku baridi kwanza. Neva iliyobanwa haina desturi ya kutoa mawimbi marefu.

Pasha mkono kwa maji ya uvuguvugu au mfuko wa maji moto uliofungwa kitambaa. Jaribu joto hilo kwa mkono wako mwenyewe, kwani mwenye ganzi hatahisi anapoungua. Ngozi ikishafika nyuzi 32 subiri dakika kadhaa zaidi, maana neva iliyo ndani hupata joto ikiwa imechelewa. Zipo kanuni za kusahihisha namba kwa hesabu badala ya kupasha, lakini zinachukulia kwamba neva mgonjwa hubadilika kwa baridi sawasawa na neva nzima. Kupasha ni bora.

Futa mafuta na losheni kwa spiriti, kisha acha ngozi ikauke.

Anza na sehemu ya misuli. Elektrodi pokezi huwekwa katikati ya tumbo la msuli ulio chini ya kidole gumba, ile nundu ya kiganja upande wa nje. Elektrodi ya rejea iwe kwenye kiungo cha kidole gumba, ambapo hakuna msuli. Ile ya ardhi ikae mgongoni mwa mkono, kati ya mahali unapopiga umeme na mahali unapopokea. Weka kipimo cha skrini kuwa milivolti 2 hadi 5 kwa kila mraba, na muda wa milisekunde 2 hadi 5 kwa mraba.

Sasa chukua tepu. Pima sentimita 7 kutoka elektrodi pokezi kurudi kwenye kifundo, uweke alama kwa kalamu kati ya kano mbili zinazojitokeza mgonjwa anapokunja kifundo kidogo. Maabara nyingine hutumia 8. Yoyote utakayochagua, iwe hiyohiyo kila siku, kwa sababu viwango vya kawaida vinaambatana na umbali. Kathodi, ncha hasi ya kifaa cha kupigia umeme, ielekee kwenye elektrodi pokezi. Ukigeuza ncha, na kwa kawaida zimeachana sentimita 2 hadi 3, umbali huongezeka bila wewe kujua na milisekunde 0.3 hadi 0.5 huingia bure. Hilo pekee linatosha kugeuza jibu.

Tumia pigo la milisekunde 0.2. Anza chini, panda kwa miliampea 5 hivi kila mara huku ukitazama wimbi likikua. Litafika mahali litakataa kukua. Hapo ongeza tena asilimia 20 hadi 25, kisha ndipo uhifadhi. Wanaoanza kazi hii huogopa kumuumiza mgonjwa na kuishia njiani. Matokeo yake nyuzi za neva zenye kasi zaidi huenda hazikuguswa, kimo kinakuwa kidogo, na ripoti inasema aksoni, yaani nyuzi hizo, zimekufa. Lakini usivuke mpaka kupita kiasi pia. Umeme mwingi huruka hadi kwenye neva ya ulna iliyo jirani. Utajua kwa macho: umbo la wimbi hubadilika ghafla, na badala ya kidole gumba kuinuka, vidole vingine vinacheza.

Rudia kwenye mkunjo wa kiwiko, upande wa ndani wa kano ya misuli ya mbele ya mkono wa juu, pale unapohisi mpigo wa ateri. Pima umbali kati ya kathodi hizo mbili, mkono ukiwa umenyooka. Kasi ni umbali kwa milimita ukigawanya kwa tofauti ya muda kwa milisekunde. Kama wimbi la kifundo lilianza milisekunde 3.8 na la kiwiko 8.0, umbali ukiwa milimita 220, basi 220 gawa kwa 4.2 ni mita 52 kwa sekunde. Kosa la sentimita moja kwenye tepu hapa hubadilisha jibu kwa zaidi ya mita 2, kwa hiyo pima mara mbili.

Kwa umbali wa sentimita 7, viwango vinavyotumika sana kwa mtu mzima ni hivi: muda wa kifundo, tangu pigo hadi wimbi kuanza, usizidi milisekunde 4.4, kimo kisipungue milivolti 4, kasi ya kigasha isipungue mita 49 kwa sekunde.

Tazama pia mwelekeo wa wimbi linapoanza. Likitumbukia chini kwanza kabla ya kupanda, elektrodi pokezi haiko juu ya kitovu cha msuli, isogeze. Lakini kama kwenye kifundo linaanza vizuri, na kwenye kiwiko tu ndiko linatumbukia, tena kasi ya kigasha inakuja kubwa isivyo kawaida, usihangaike na elektrodi. Watu wengi wamezaliwa na nyuzi zinazovuka kutoka neva ya midiani kwenda ya ulna ndani ya kigasha, hali inayoitwa muunganiko wa Martin-Gruber. Midiani ikibanwa kwenye kifundo, nyuzi hizo hukwepa foleni kwa kupita upande wa pili na kufika mkononi mapema. Ni maumbile tu, ila humhangaisha sana asiyeyajua.

Sehemu ya hisia ndiyo inayoharibika kwanza katika ugonjwa huu, na ndiyo yenye mawimbi madogo, maikrovolti badala ya milivolti. Valisha pete mbili za elektrodi kwenye kidole cha shahada, zikiachana sentimita 3 hadi 4, kisha piga kwenye kifundo kwa umbali wa sentimita 13. Pigo la milisekunde 0.1 linatosha. Chujio liwe kati ya hezi 20 na 2,000. Kilele cha wimbi kisichelewe kupita milisekunde 3.5, kimo kisiwe chini ya maikrovolti 20. Wimbi likizama kwenye kelele, chukua wastani wa mapigo 10. Jeli ikimwagika ikaunganisha elektrodi mbili, au mkono ukiwa na jasho, utaona mstari unaopinda kabla hata wimbi halijaanza: pangusa, kisha zungusha anodi, ile ncha chanya, kidogo huku kathodi ikibaki palepale.

Ikiwa yote haya yametoka sawa na dalili bado zinashawishi, usiandike "kawaida" ukafunga faili. Linganisha neva mbili ndani ya mkono uleule. Piga katikati ya kiganja, upokee kwenye kifundo kwa sentimita 8, midiani kwanza halafu ulna. Tofauti ya milisekunde 0.4 au zaidi si ya kawaida. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo cha thamani kuliko vyote kwenye ukurasa, kwa sababu joto, umri na ukubwa wa mkono ni vilevile kwa neva zote mbili. Mgonjwa anakuwa kipimo cha nafsi yake. Na ikiwa ulna nayo imechelewa, hamia miguuni: pengine tatizo ni la neva za mwili mzima, kama linaloletwa na kisukari.

Kuna ganzi ambayo mashine hii haiwezi kuiona. Nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu na joto hazimo katika mawimbi haya, hivyo mwenye miguu inayowaka moto anaweza kutoka na majibu safi kabisa. Vilevile neva ikibanwa shingoni kwenye mzizi, wimbi la hisia hubaki zima, kwa kuwa kiini cha neva ya hisia kiko nje ya mahali pa kubanwa na nyuzi zake za mkononi bado zinalishwa. Ganzi pamoja na wimbi zima la hisia ni dokezo la kutazama shingo.

Hapo ndipo sindano ya EMG, inayosikiliza umeme ndani ya msuli wenyewe, inapoingia. Muda tangu ugonjwa uanze ni muhimu: msuli uliokatiwa neva huchukua wiki mbili hadi tatu kuanza kutoa fibrilesheni, zile cheche ndogo za mdundo usiobadilika zinazosikika kwenye spika kama mvua juu ya bati. Ukichoma siku ya tano utakuta kimya. Tazama msuli ukiwa umelegea kabisa, skrini ikiwa maikrovolti 50 kwa mraba, kisha mwambie mgonjwa akaze kidogo sana. Vipande vya mawimbi vikubwa, virefu na vichache vinavyofyatuka haraka vinaelekeza kwenye neva. Vidogo, vifupi na vingi mno kwa nguvu ndogo vinaelekeza kwenye msuli wenyewe.

Uliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda. Usichome penye kidonda au maambukizi, wala mkono uliovimba limfu. Mwenye nyaya za muda za moyo zinazotokeza nje ya mwili asipigwe umeme kabisa. Na kama daktari anataka kupima CK, kimeng'enya cha misuli, damu itolewe kabla ya sindano, kwani sindano yenyewe huweza kukipandisha. Kipande cha msuli cha kuchunguzwa nacho kikatwe upande ambao haukuchomwa.