Somo: Kuchora fonti pana iliyoinama, yenye sura ya kesho

Wadau, leo tunachora herufi za aina ile ya ubavuni mwa magari ya mashindano: pana, hazina vimkia kwenye ncha za mistari yake, zimelalia kulia kama zinasukumwa na upepo. Sura hii ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Fonti ya Microgramma, iliyochorwa na Aldo Novarese na Alessandro Butti, ilitoka Italia mwaka 1952, ikiwa na herufi kubwa tu. Mwaka 1962 Novarese akaipa herufi ndogo, ikawa Eurostile. Itazame O yake: si duara, ni mraba wenye pembe zilizoviringwa. Tunaanzia hapo.

Hatua ya 1. Chora H na O zikiwa wima. Usichukue fonti ya kawaida ukaivuta pembeni, maana miguu ya H itanenepa na mstari wa katikati utabaki vilevile. Kwenye gridi ya yuniti 1000, mimi huipa H kimo cha 700, upana 850, unene wa miguu 130, na unene wa mstari wa kulala 112. Huo wa kulala ni lazima upunguzwe. Vikilingana, jicho huuona mnene zaidi.

Hatua ya 2. O ipite kidogo juu na chini ya H. Isipopita, itaonekana imenywea.

Hatua ya 3. Inamisha kwa nyuzi 12. Wengi huishia hapa, na kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Ikuze O ijae skrini: pembe ya juu kulia na ya chini kushoto zimevimba, mbili zilizobaki zimekonda. Kwenye A, mguu wa kushoto umelala zaidi ukapungua unene. Wa kulia umesimama ukanenepa. Rekebisha kwa mkono, pointi moja baada ya nyingine. O moja hunichukua jioni nzima, na sijawahi kuijutia jioni hiyo.

Hatua ya 4. Panga nafasi. Herufi pana zina uwazi mkubwa ndani, kwa hiyo zisibanane. Jaribu neno "ng'ara": apostrofi iiname na wenzake, isiache pengo kabla ya a.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, herufi zangu zinaelekea kulia, mbona FontForge, programu ninayochorea fonti, inaandika -12?*
Iko sawa. Nyuzi za mlalo hupimwa kutoka mstari wima kwenda kushoto, hivyo mlalo wa kulia huwa hasi.

*Naweza kuandikia makala nzima?*
Hapana, ndugu yangu. Inamaliza mstari kwa maneno machache, na ikiwa ndogo, a, e na o zinafanana. Itumie kwenye nembo, namba za jezi, kichwa cha bango. Maelezo yaandike kwa fonti iliyosimama.

*Nikate mistari ndani ya herufi ili zionyeshe kasi?*
Kata, ila kwenye nakala, baada ya nafasi kukamilika. Kisha ipunguze hadi saizi ya aikoni ya simu. Mkato ukizibika, upanue au uuondoe.