Somo: Chapati ya kuvimba ya oveni, bila hamira

Habari za asubuhi jamani. Leo ni ile chapati inayofura ndani ya oveni kama kanga iliyoingia upepo kwenye kamba. Wamarekani huiita Dutch baby. Jina lilianzia Seattle, kwenye mkahawa wa familia ya Manca, mwanzoni mwa miaka ya 1900, lakini pishi lenyewe asili yake Ujerumani. Inasemekana hiyo "Dutch" ni "Deutsch" (yaani "ya Kijerumani") iliyoharibikia mdomoni mwa binti wa mwenye mkahawa, kwa hiyo msitafute Uholanzi humo.

Rojo lake ni ndugu wa chapati za maji, ila mayai yamezidi. Hakuna hamira wala beking pauda. Kinachoinua ni mvuke wa maziwa na mayai unapopata moto wa ghafla, kisha mayai na unga vinakakamaa vikiwa vimeshapanda. Kwa hiyo kazi yote ni moto.

Mahitaji (watu wawili wenye njaa): mayai 3, unga wa ngano nusu kikombe (gramu 65 hivi), maziwa nusu kikombe (mililita 120), sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo, iliki, siagi vijiko vikubwa 3. Mayai na maziwa visitoke kwenye friji moja kwa moja.

1. Weka kikaango kizito cha chuma, cha upana wa sentimita 25, kitupu ndani ya oveni. Washa nyuzi 220 za Selsiasi, ngoja dakika 20. Taa ya oveni ikizimika ujue hewa ndiyo imepata moto, chuma bado.

2. Saga vyote kwenye blenda isipokuwa siagi. Rojo liwe jepesi kama uji wa mgonjwa. Liache litulie dakika 10.

3. Toa kikaango kwa kitambaa kikavu, tia siagi, kizungushe ipande mpaka kuta. Itatoa povu. Isiachwe ikaungua.

4. Mimina rojo katikati kwa mkupuo mmoja. Lazima usikie "chwaaa". Kama kimya, kikaango hakikuwa tayari, na hapo hakuna dawa.

5. Rudisha haraka, funga, dakika 15 hadi 18. USIFUNGUE. Mimi niliwahi kufungua dakika ya nane nipige picha nimtumie dada yangu. Nikampigia picha ya kitambaa cha deki.

Ikiwa kingo zimekuwa kahawia na katikati njano, toa. Kamulia ndimu, nyunyizia sukari ya unga, kula papo hapo.

MASWALI

– Dada, yangu ilivimba vizuri, kabla sijafika mezani ikanywea. Nimekosea wapi?
Hujakosea kitu shoga, mvuke umetoka. Zote hunywea katikati. Waite watu mezani kwanza, ndipo uitoe. Ila kingo nazo zikilala, haikuiva. Siku nyingine ongeza dakika tatu.

– Sina oveni. Keki naoka kwa mkaa juu na chini, itakubali?
Sikudanganyi mpenzi: itaiva, kuvimba sana sitegemei. Keki haihitaji moto mkali hivi, na kila ukifunua kuchungulia joto linakimbia. Ukijaribu, pasha sufuria na mfuniko wenye makaa kabla ya kumimina.

– Tui badala ya maziwa?
Tui la pili, sawa. Kasimile ina mafuta mengi, itailemea.

– Tuko sita nyumbani. Nizidishe?
Zidisha, lakini tumia vikaango viwili au trei pana. Ukijaza kimoja, katikati itabaki uji.

– Mzee wangu hataki kitu cha sukari asubuhi.
Ondoa sukari na iliki, tia pilipili manga na majani ya kitunguu. Mpe na maharage ya jana.