Namna ya kuchambua wahusika na dhamira: Death of a Salesman

Tamthilia hii ya Arthur Miller ilianza kuoneshwa New York Februari 1949. Inahusu familia ya Loman wa Brooklyn: Willy, muuzaji wa miaka 63 anayezungukia wateja kwa gari, mkewe Linda, na wanawe Biff na Happy. Ukiandika "Willy ni mwongo, Linda ni mvumilivu" ukaweka nukta, bado hujachambua.

Hatua ya 1: Linganisha kauli na kauli. Willy anamwita Biff mvivu, halafu punde tu anasema Biff si mvivu hata kidogo. Mwandishi hajajisahau. Uchungu na mapenzi ya baba vinapokezana kusema.

Hatua ya 2: Fuata kitu kimoja mpaka mwisho wake. Mimi huanza na soksi. Linda anashona soksi zake zilizotoboka, Willy anamfokea azitupe. Hasira yote hiyo ya nini? Kule hotelini Boston alimpa mwanamke mwingine soksi mpya, na Biff alipomfumania, kilichomtoka ni kwamba baba amegawa soksi za mama. Umaskini, usaliti, na imani ya mtoto kwa baba kuvunjika, vyote vimo humo.

Hatua ya 3: Soma maelezo ya jukwaani. Katika wakati uliopo waigizaji hupita mlangoni. Katika kumbukumbu hupenya kuta. Ndiyo maana Willy anacheza karata na jirani yake Charley huku akizungumza na kaka yake Ben, ambaye Charley hamwoni.

Hatua ya 4: Andika dhamira kwa sentensi kamili. "Ndoto ya Kimarekani", yaani imani kwamba Marekani yeyote anaweza kufanikiwa, ni mada tu. Sema hivi: Willy anaamini kupendwa na watu kunatosha kumfikisha mtu, na imani hiyo inamharibia Biff. Ushahidi ni Bernard, mtoto wa Charley, kijana ambaye akina Loman walimbeza kwa kupenda vitabu, na sasa ni wakili anayekwenda kutetea kesi Mahakama ya Juu ya Marekani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Tanzia, yaani tamthilia yenye mwisho wa huzuni, si huwa ya wafalme? Huyu ni mtu wa kawaida.

Marahaba. Miller alilijibu hilo mwaka huohuo katika makala: mtu wa kawaida anaistahili tanzia sawa na mfalme, mradi yuko tayari kutoa uhai kulinda heshima yake.

Mwalimu, Linda naye ana lawama?

Anayo, ingawa nampenda sana mama huyu. Aligundua mpira wa kupitishia gesi ambao Willy aliuficha ili ajiue. Kila siku anauondoa, na mume akirudi, Linda anaurudisha palepale, kwa kuogopa kumwaibisha. Upendo wake ni wa kweli, lakini unaulinda uongo uleule unaommaliza Willy. Kwenye jibu lako andika yote mawili. Ukimfanya malaika mtupu utakuwa umempunguza.