Kupima ustawi wa jamii chini ya dari ya ikolojia

Pato la taifa huhesabu fedha zilizozunguka, hata za kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini. Halisemi kama watu wana maji safi, wala kama mto umekauka. Kwa sera ya mazingira andaa orodha mbili: sakafu, yaani mahitaji ambayo mtu hapaswi kuyakosa, na dari, yaani mzigo ambao mazingira yanaweza kuubeba. Ziweke kwenye kurasa mbili na usizijumlishe.

Anza na sakafu. Viashiria kumi hivi vinatosha. Vikifika thelathini hakuna waziri atakayevisoma. Utafiti wa 2018 uliolinganisha nchi zaidi ya 150 ulitumia vizingiti kama hivi: miaka 65 ya kuishi na afya njema, kilokalori 2,700 kwa mtu kwa siku, vyoo bora kwa 95% ya watu, na kuridhika na maisha kwa alama 6.5 katika mizani ya 0 hadi 10. Andika vizingiti kabla ya kufungua takwimu. Ukishaziona namba, utashawishika kukiteremsha kizingiti hadi pale nchi inapofaulu.

Dari ndiyo yenye kazi. Mipaka tisa ya sayari, yaani viwango vya mzigo ambavyo dunia haipaswi kuvivuka ili ibaki salama, ilipendekezwa mwaka 2009, na tathmini ya 2023 ilikuta sita imeshavukwa. Chukua mpaka unaogawanyika kwa kichwa, kama maji ya mito, maziwa na chini ya ardhi. Kiwango kilichotumika sana ni kilomita za ujazo 4,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Gawanya kwa watu bilioni 8: kila mtu anapata mita za ujazo 500. Utafiti ule wa 2018 ulipata 574, kwa sababu uligawa kwa watu bilioni 7 hivi. Namba ya kunakili, kwa hiyo, huchacha. Piga hesabu upya kwa idadi ya watu ya mwaka unaoupima.

Tena wastani wa mwaka hauoni kiangazi. Kwa bonde la mto, pima mwezi kwa mwezi: pendekezo la 2015 kuhusu mipaka hiyo liliruhusu kuchota hadi 25% ya mtiririko katika miezi ya maji machache, na 55% katika miezi ya maji mengi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuhesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka ya nchi peke yake. Kiwanda cha chuma kikihamia ng'ambo, hewa ukaa ya nyumbani inashuka huku watu wakiendelea kununua chuma kilekile. Ongeza mzigo wa bidhaa zinazoagizwa, toa wa zinazouzwa nje.

Sasa alama. Upande wa dari gawanya matumizi kwa kikomo: ikizidi 1, dari imevukwa. Upande wa sakafu gawanya hali ilivyo kwa kizingiti: ikipungua 1, kuna upungufu. Hapo acha. Wastani wa 0.9 na 0.1 ni 0.5, na aliyeachwa kwenye 0.1 ametoweka machoni. Wastani wa kijiometri (zidisha namba hizo mbili, kisha tafuta kipeo cha pili cha jibu), ambao Kielezo cha Maendeleo ya Binadamu cha Umoja wa Mataifa kiliuchukua mwaka 2010, unatoa 0.3, ni mkali zaidi, lakini bado hautaji kilichoanguka.

Kwenye sera, zisome kurasa zote mbili pamoja. Tuseme naitrojeni inayonaswa kutoka hewani, kwa mbolea na mazao ya kunde, ni kilo 15.5 kwa mtu kwa mwaka. Mpaka wa dunia nzima wa tani milioni 62 kwa mwaka ukigawanywa kwa bilioni 8 ni kilo 7.75, hivyo alama ni 2. Kukata ruzuku ya mbolea kunavutia, ila tazama kwanza mstari wa kilokalori. Ukiwa chini ya 1, anza na upotevu: mbolea iliyomwagwa mara moja kabla ya mvua kubwa huishia mtoni. Kuigawa kwa awamu kunaweza kupunguza kiasi kinachohitajika bila kupunguza mavuno.

Jedwali za biashara, zinazotumika kuhesabu mzigo wa bidhaa zinazoagizwa na zinazouzwa nje, huchelewa miaka kadhaa. Kando ya kila kiashiria andika mwaka wake, usije ukagawa hewa ukaa ya 2019 kwa watu wa 2024.