Mteja kakasirika na anataja wakili: fanya hivi, hatua kwa hatua

Hii ni kwa wenye biashara ndogo, yaani wewe ndo bosi, wewe ndo unapokea simu, wewe ndo mhasibu na wewe ndo unatukanwa mzigo ukichelewa. Makampuni makubwa yana idara ya malalamiko na mawakili wa kudumu, sisi tuna simu moja na usingizi mchache. Mimi natengeneza samani, makabati, vitanda na meza za ofisi, kwa hiyo mifano itakuwa ya huko, ila hata ukiuza nguo au unatengeneza kompyuta mambo ni yale yale. Mimi sio wakili, sheria ya nchi yako ndo ya mwisho. Ila kitu kimoja kishike kabla hatujaanza: kila unachomwandikia mteja mwenye hasira kina msomaji wa pili ambaye leo hayupo, anaweza kuwa wakili wake, benki au hakimu, na huyo hakujui, hajui ulivyo muungwana, anaona maandishi tu.

Hatua ya 1: mjibu kwamba umepokea, basi

Meseji imeingia usiku, herufi kubwa mwanzo mwisho, "MMENIUZIA TAKATAKA", na picha ya mlango wa kabati unaning'inia. Damu inachemka, kichwani una majibu matamu kweli kweli. Usitume hata moja. Tuma hivi: "Dada habari, meseji na picha nimezipata, pole sana kwa usumbufu. Naangalia kumbukumbu za oda yako, nitakupigia kesho kabla ya saa sita mchana."

Hujakubali wala hujakataa kitu, umempa tu saa, na hiyo saa uitimize hata kama jibu kamili huna, maana mtu mwenye hasira ukimwahidi saa sita ukampigia saa kumi hapo mshapata ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Voisi noti achana nazo kabisa kipindi hiki, sauti ikipanda kidogo tu inasambazwa na utaonekana wewe ndo mkorofi.

Hatua ya 2: kusanya kila kitu na usifute chochote

Kabla hujampigia, kaa chini utafute oda yenyewe, invoisi, risiti, meseji za makubaliano, picha za mzigo kabla haujatoka na jina la aliyepokea. Halafu chukua karatasi moja uandike tarehe na tukio, mstari kwa mstari: aliagiza lini, alilipa lini, alibadilisha rangi lini, mzigo ulifika lini, alilalamika lini. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko unavyofikiria, mara nyingi ukishaiandika unajua mwenyewe nani ana haki.

Skrinishoti peke yake haitoshi kwasababu mtu anaweza kusema umekata juu au chini, programu nyingi za meseji zina sehemu ya kutoa gumzo zima kama faili, litoe ulitunze. Na kuna meseji zingine zitakutia aibu, fundi wako kajibu ovyo labda, unatamani kuifuta. Usifute! Mwenzio anayo kwake, na kuharibu ushahidi wakati unajua kuna mgogoro ni tatizo jingine kisheria, sehemu zingine kubwa kuliko la kabati.

Hatua ya 3: mpigie, sikiliza, muulize anataka nini

Wateja wanaolalamika hawafanani. Kuna mwenye haki kabisa, kuna ambaye hakuelewa alichonunua (na mara nyingi hatukumweleza vizuri), kuna anayetafuta kupunguziwa bei, na kuna tapeli. Kwa uzoefu wangu wawili wa kwanza ndo wengi, tapeli ni wachache ila ndo tunaowakumbuka, matokeo yake kila mteja tunamwona mwizi.

Mwache amalize. Usimkate kauli hata kama anakosea tarehe. Akimaliza mrudishie alichosema kwa ufupi, "kwa hiyo mlango wa kushoto haufungi na bawaba moja imeng'oka, ni hivyo?", halafu swali moja: "Ungependa tulimalize vipi?" Wengi hawapendi kuuliza hili wanaogopa mtu atadai mamilioni. Mara nyingi anataka kidogo kuliko ulichoogopa, bawaba mpya na fundi wa kuja Jumamosi. Mkimaliza mwandikie meseji fupi ya mlichoongea, maana maongezi ya simu kila mtu anakumbuka upande wake.

Hatua ya 4: omba radhi bila kujifunga

Hapa ndo watu wanakwama, mmoja anakataa kabisa kusema pole akiogopa itatumika mahakamani, mwingine anakiri mpaka makosa ambayo sio yake. Kuna njia ya kati. "Pole sana, najua ulilihitaji kabla ya kuhamia" ni kumjali mtu. "Ni uzembe wetu, tutalipa hasara zote" ni kukiri, na hapo umesaini hundi ambayo haijaandikwa kiasi. Baadhi ya sehemu zimeliona hili zikalitungia sheria, jimbo la British Columbia kule Kanada mwaka 2006 na Hong Kong mwaka 2017, kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa umekubali dhima, yaani kwamba wewe ndo wa kuwajibika, kwenye kesi ya madai. Lakini sio kila mahali, kwa hiyo chunga maneno.

Ila jamani, kama kosa ni lako waziwazi na ni dogo, usijifanye mwanasheria. Tengeneza, bila maneno mengi. Tahadhari yote hii ni ya mambo makubwa, hasa mtu akiumia au mali yake ikiharibika. Hapo kama una bima waarifu wao KWANZA, kabla hujaahidi kitu, maana mikataba mingi ya bima inataka utoe taarifa mapema na inakukataza kukubali kosa bila ruhusa yao, ukikiri tu wanaweza kukuachia mzigo wote.

Hatua ya 5: toa ofa kwa maandishi

Ofa nzuri ina vitu gani: utafanya nini, lini, nani anagharamia usafiri, na inaisha lini. Mfano: "Tutabadilisha mlango wa kushoto na bawaba zote mbili, fundi atakuja Jumamosi saa tatu asubuhi, usafiri ni juu yetu. Tafadhali nithibitishie kabla ya Alhamisi jioni." Ukisema "tutaangalia namna" hujasema kitu.

Na lile bango la "mali ikiuzwa hairudishwi", usilitegemee sana. Nchi nyingi zina sheria za mauzo, nyingine zimetokana na sheria ya Uingereza ya 1893, zinazosema bidhaa lazima ifanane na maelezo yake na iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Mteja aliyebadilisha mawazo tu, sawa, bango linaweza kukusaidia. Mteja aliyeuziwa kibovu, bango ni mapambo.

Hivyo hivyo na tunavyojiandikia kwenye matangazo, "gerentii ya maisha", "isipodumu tunarudisha hela mara mbili". Kuna kesi maarufu sana ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball, ripoti zake ni za 1893. Kampuni ilitangaza itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yao kama walivyoelekeza halafu akapata mafua makali, na ikasema imeshaweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Mama mmoja akatumia, akaugua, akadai. Wakajitetea kwamba lile ni tangazo tu la biashara, mahakama ikasema hapana, mmeahidi, lipeni. Kwa hiyo kabla hujajibu mteja nenda kasome upya ulichoposti mwenyewe.

Mkikubaliana na kuna hela inarudi, andikeni karatasi moja: majina, namba ya oda, kiasi, kwamba suala limeisha, na kwamba malipo sio kukubali kosa. Wote msaini. Hela ipite njia yenye kumbukumbu, sio mkononi. Na kama alilipa kwa kadi, angalia kwanza hajafungua madai benki kwake, maana kuna watu wamerudisha hela na wiki iliyofuata benki nayo ikawakata.

Hatua ya 6: akikuposti mtandaoni

Jibu mara moja hadharani, mistari miwili, kwa heshima, na umwombe mhamie inboksi. Wanaosoma hawaamui nani mkweli, wanaangalia tu utawatendeaje wao siku yakiwakuta. Usianike namba yake, anwani yake wala deni lake, utajikuta umevunja sheria ya taarifa binafsi na kesi imegeuka. Usitume ndugu zako kuja kukusifia, watu wanajua.

Kukimbilia kumshtaki kwa kukuchafulia jina, fikiria mara mbili. Ukweli na maoni ya haki kwa kawaida vinalindwa, na kesi yenyewe inatangaza kile unachotaka kisionekane. Mwimbaji Barbra Streisand mwaka 2003 alidai dola milioni 50 kwasababu ya picha ya pwani iliyoonyesha nyumba yake. Kabla ya kesi picha ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, mbili zikiwa za mawakili wake mwenyewe, baada ya kesi kuvuma mwezi mmoja watu zaidi ya laki nne wakaingia kwenye tovuti ile. Na kesi akashindwa.

Hatua ya 7: barua ya wakili imefika

Pumua, hiyo sio kesi bado. Andika juu yake tarehe uliyoipokea na tunza bahasha. Soma mambo manne: nani anadai, anadai nini, kiasi gani, na ndani ya siku ngapi. Kukaa kimya ndo kosa, hata kama madai ni ya uongo jibu ndani ya muda, ikibidi jibu la kuomba siku zaidi. Na ukishaona ana wakili acha kumtumia mteja meseji za pembeni, pitia kwa wakili wake.

Ukitaka kutoa ofa ya kumaliza, juu yake watu huandika "bila kuathiri haki", na kwenye mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza mazungumzo ya kweli ya kusuluhishana kwa kawaida hayatolewi kama ushahidi. Ila maneno hayo sio hirizi, ukiyabandika kwenye barua ya matusi hayakusaidii kitu.

Hatua ya 8: samansi, yaani wito wa mahakama

Hii sasa ndo kesi. Samansi haifi kwasababu umeiweka kwenye droo. Usipojibu au usipotokea mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja, unakuja kushtuka dalali wa mahakama yuko mlangoni anaorodhesha mashine zako. Hesabu siku kuanzia ulipokabidhiwa, tafuta wakili wiki hiyo hiyo, nenda na ile karatasi ya tarehe na faili la gumzo, utaokoa muda wake na hela yako. Muulize gharama mapema, ni za mkupuo au kwa kila kikao. Angalia pia nani ameshtakiwa, wewe au kampuni, maana kama hujasajili kampuni mali zako binafsi nazo zinaguswa.

Halafu piga hesabu bila hasira. Ada ya wakili, siku za kukaa mahakamani huku karakana imefungwa, na kiasi kinachodaiwa. Kuna wakati una haki kabisa na bado kusuluhisha ni rahisi zaidi, inauma lakini ndo hesabu. Uliza kama nchini kwako kuna mahakama ya madai madogo au usuluhishi, huko mara nyingi mambo yanaenda haraka na unaweza kujisimamia mwenyewe.

Kwenye fomu yako ya oda ongeza leo hii vitu vitatu: vipimo na rangi vilivyosainiwa na mteja, picha za mzigo kabla haujapakiwa, na sehemu ya aliyepokea kuandika jina lake na kama kuna mkwaruzo wowote. Hata akipokea mlinzi, aandike.