SOMO: Kufunga betri ya lithiamu kwenye gari la kulala

Wiki hii nimepigiwa simu sita kuhusu jambo hili hili, basi naliandika mara moja. Kazi yangu iko Kisumu, zaidi ni Hiace zilizogeuzwa nyumba za safari na karavani chache za kuvutwa. Nazungumzia LiFePO4, yaani betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ya volti 12.8.

1. Zima kila kitu, chomoa sola, vua pete na saa.

2. Funga betri isisogee hata ukishika breki ghafla. Isikae kabati moja na mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na cheche moja inatosha.

3. Fyuzi kuu iwe kwenye waya chanya, isizidi sentimita 18 kutoka tamino (kichwa cha betri kinachofungwa waya). Nunua aina inayoitwa Class T. Inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 2,000 hunyonya karibu ampea 180, kwa hiyo waya wa milimita mraba 70, fyuzi ya ampea 250.

4. Viungo. Hapa nisikilizeni vizuri. Zamani niliwahi kuweka washa (kile kipete bapa cha bolti) ya chuma kati ya lagi (kichwa cha shaba kinachominywa mwishoni mwa waya) na tamino kwa sababu bolti ilikuwa ndefu. Uani kwangu kila kitu kilifanya kazi vizuri. Mteja alipofika Londiani akachemsha chai kwa birika la umeme, akanusa plastiki. Kifuniko chekundu cha tamino kilikuwa kimelegea kama nta, ganda la waya limekuwa kahawia upana wa vidole viwili, na bolti bado imekaza! Washa hiyo iliongeza ukinzani kwenye kiungo, na ukinzani wa miliomu 2 tu, ukipitisha ampea 150, hutoa wati 45 za joto mahali padogo kama sarafu. Fyuzi haikatiki, maana umeme haujazidi. BMS, saketi ya kulinda betri iliyo ndani yake, nayo haioni kitu. Kwa hiyo lagi ilale juu ya tamino yenyewe, washa ije juu ya lagi. Bolti ikiwa ndefu, tafuta fupi. Lagi iminywe kwa mashine ya haidroliki, KAMWE si kwa nyundo. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha kagua tena baada ya safari ya kwanza.

5. Usiunge alteneta ya gari moja kwa moja na betri hii, inaweza kuungua. Weka katikati chaja ya DC-DC, inayodhibiti umeme kutoka alteneta kwenda betri.

6. Chaja ya umeme wa nyumbani isizidi volti 14.6.

MASWALI

— Fyuzi ya ngapi?
Hatua ya 3.

— Fundi wangu hakuweka fyuzi, mwaka wa pili huu na hakuna shida.
Ni kwa kuwa waya haujachubuka. Siku waya ukigusa bodi ya gari, betri itamwaga maelfu ya ampea, na humo ndani mnalala na watoto. Weka leo.

— Samahani fundi, kama fyuzi ipo, kwa nini umbali una maana?
Asante kwa kuuliza, dada. Kipande kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo tunakifupisha. Kipimo hicho ni inchi 7 za wajenzi wa boti wa Marekani. Na Class T ni kwa sababu fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka huku moto wa umeme ukiendelea kuruka ndani yake. Class T huweza kukata hadi ampea 20,000.

— Mimi hupaka mstari wa rangi ya kucha kutoka nati hadi kwenye lagi. Nati ikizunguka, mstari unakatika, unaona bila spana.
Hiyo naichukua, ndugu. Rangi gani inadumu?

— Nyekundu. Hata ya bei ndogo pale soko la Kibuye, ila futa grisi kwanza.