Namna ya kulisema: kwa mdogo wangu wa kidato cha pili

Nilikuwa na miaka 15 nilipobakwa, na kwa miezi minne sikumwambia mtu. Shuleni walinizomea "mke wa mtu" hadi nikaacha kunyoosha mkono darasani.

Kama ni leo au jana, usioge kwanza. Nguo ulizovaa ziweke kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni, maana humo zinavunda. Fika hospitali ndani ya saa 72: dawa ya kuzuia VVU haianzwi tena baada ya hapo. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ukiwa umechelewa kama mimi, bado nenda.

Kumwambia mtu ndiko kulikonishinda. Mama nilimwogopa, nikamchagua shangazi. Niliandika nyuma ya daftari la Jiografia: "Shangazi, kuna mtu amenifanyia jambo baya, naomba usinikatize." Nikaisoma kwa sauti chooni siku tatu. Siku ya nne, tukichambua mchicha, nikaisema nikiangalia sinia. Hulazimiki kumtazama mtu usoni, wala kueleza yote siku hiyo. Akikujibu "ulifuata nini kule?", tafuta mwingine, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Wanaozomea, andika tarehe na maneno yao, mpelekee mwalimu wa malezi ukiwa na mtu mzima wako. Mimi darasani nilianza na "nipo" wakati wa kuitwa majina. Wiki nzima "nipo" tu, kwa sauti ya kufika dirishani.